Nundu Zilizolika Ndani ya Injini Safi

Barua ilisema mume wangu ni mzembe. Neno lenyewe halikuwemo, maana watu wa ofisini wana namna yao ya kuvalisha matusi suti na tai, lakini mimi nilisoma hivyohivyo: mzembe. "Kushindwa kutekeleza matengenezo ya msingi na hivyo kusababisha uharibifu wa injini." Alipewa siku sita. Siku ya sita angesimama mbele ya kamati, na asipokuwa na utetezi, anatolewa kwenye gari la maktaba na kupelekwa kulinda geti mpaka astaafu.

Kulinda geti! Mtu aliyeliendesha gari lile miaka kumi na tisa, akipeleka vitabu kwenye shule ambazo hata wanaochora ramani wamezisahau. Kuna watoto aliowaazima vitabu vya picha ambao leo ni walimu, na bado anawakumbusha kitabu kipi walirudisha kimechanika.

Nikamuuliza palepale, barua ikiwa bado mkononi. "Ulibadilisha oili au hukubadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Kila mara?"

"Kila kilomita elfu tano, Mama Pacha. Si unanijua?"

Namjua. Huyu ni mtu anayekunja soksi chafu kabla ya kuzitia kwenye kapu la nguo chafu. Lakini alijibu huku anatazama mlango wa jikoni, kama mtu anayengoja mwingine atokee huko, na hiyo si kawaida yake.

"Basi nini kimeua injini?"

"Imezeeka tu. Waache waseme. Geti nalo ni kazi, nitakaa kivulini nisome magazeti."

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilimwambia kwamba kama yeye amekubali kukaa kivulini, mimi sijakubali kuolewa na mtu wa kivulini, na kwamba injini ile nitaifungua kwa mikono yangu mpaka iseme. Akaniomba niiache. Nikasema ng'o.

Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu injini yenyewe ilikuwa imeshaletwa kwetu karakanani. Mimi kazi yangu ni kuchonga na kupima vyuma vya injini. Wenzangu wananiita Maikromita, kwa ajili ya kile kifaa cha kupimia ninachotembea nacho mfukoni mwa ovaroli, na pia, wanasema wenyewe, kwa sababu nikishamkaza mtu simwachii.

Asubuhi nikaifungua. Nilitegemea kukuta uchafu, ule mweusi mzito unaoganda kwenye injini ya mtu asiyebadilisha oili, unaoutoa kwa kijiko. Hakuna. Ndani kulikuwa safi, vyuma vina rangi ya chai ya maziwa, unaweza kuvipigia picha. Nikapima krankshafti, ule mhimili mkubwa unaobeba nguvu zote za pistoni. Haikulika hata unywele. Nikapima silinda. Nzima.

Kisha nikatoa kemshafti, na macho yakanitoka.

Kwa asiyejua, kemshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu. Ikizunguka, kila nundu inaisukuma tapeti, kipande cha chuma kinachoigusa, tapeti inafungua vavu, mlango wa hewa, na injini inavuta pumzi. Nundu ikilika, vavu haifunguki inavyotakiwa, injini inakosa pumzi, gari linakohoa mlimani. Nundu za gari la maktaba zilikuwa nane. Tano kati yake zilikuwa zimesagika zikawa za duara, kama sabuni iliyooshewa mwezi mzima.

Nikakaa chini juu ya ndoo. Sasa hii ni nini? Oili chafu haichagui. Ikiua, inaua kila kitu: beringi, pistoni, mhimili. Huku ndani kila kitu kizima ila nundu. Ni kama mwizi kuingia nyumba nzima, akaacha televisheni, akaacha sufuria, akaondoka na vijiko vitano tu. Hasira ikanitoka kidogo, ikaingia hamu ya kujua, na mimi hamu ya kujua ikinishika hata kula nasahau.

Mchana akaja afisa usafiri wa maktaba, kijana mmoja nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Huyu ndiye aliyeandika ile barua. Nikamwonyesha usafi wa injini.

"Alibadilisha siku za mwisho ili kuficha," akasema.

"Uchafu wa miaka hauondoki kwa siku moja. Na krankshafti je? Nayo aliificha?"

Akaiangalia krankshafti kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzake. "Mama, mimi si fundi. Nionyeshe kilichokula hizo nundu. Kama si uzembe, ni nini? Ukileta jibu, kamati itasikiliza. Usipoleta, barua inabaki kama ilivyo."

Hakusema vibaya, lakini nilitamani kumpiga na spana.

Jioni nikamuuliza mume wangu alikuwa anatumia oili gani. Akanitolea kopo. Oili ya kisasa, daraja la juu kabisa, ina herufi za mwisho mwisho zile, maana oili zinapewa herufi kufuatana na upya wake. Kabla ya hapo, akasema, alikuwa anatumia ile ya zamani ya kopo la bluu, inayouzwa siku hizi kwa ajili ya matrekta na mashine kuukuu.

"Ulibadilisha lini?"

"Kama miaka miwili."

"Kwa nini?"

"Niliona ni nzuri," akasema, akaenda kuangalia mlango wa jikoni tena.

Nikawaza: oili mbili, gari moja, labda nundu zimeanza kulika baada ya kubadilisha. Lakini kuwaza si kupima. Kesho yake nikatengeneza kimashine changu. Nilifunga ringi ya beringi kwenye mashine ya kukereza, ikawa inazunguka. Chini yake nikaweka kikopo cha oili ili ringi ijichovye. Juu nikaweka mkono wa chuma wenye kipande cha roli ya beringi kwenye ncha, na nyuma ya mkono nikaning'iniza uzito wa kilo tano. Roli inaikandamiza ringi, ringi inazunguka, dakika kumi. Ukitoa roli unakuta kovu. Oili nzuri, kovu dogo. Oili mbaya, kovu kubwa.

Kwanza nilijaribu bila oili yoyote. Ilipiga kelele, karakana nzima ikasimama, na tajiri wetu, mwenye karakana, akatoka ofisini ameshika kiatu. Nikamwambia ni utafiti. Akasema utafiti ufanyike baada ya saa za kazi. Nikasema sawa, nikaendelea.

Oili ya kopo la bluu: kovu la milimita nne. Oili mpya: milimita nne.

Nikarudia. Nne, na nne. Lo! Nikashika tama. Kumbe oili zote ni zilezile, na nilichokuwa nacho mkononi ni bure.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ana saluni ukuta mmoja na karakana yetu. Alikuwa ameingia kulalamika kwamba kelele yangu inawatoa wateja roho, akakuta nimenuna, akavuta ndoo na yeye akakaa. Nikamweleza. Huyu wifi ni mtu wa mzaha lakini akili anazo.

"Kwani hapa karakanani kwenu hakuna zile chupa za dawa? Zile za kuongeza kwenye oili?"

Zilikuwepo. Kuna jamaa anazipitisha, chupa ndogo yenye picha ya simba, anasema ukitia moja injini haifi. Nikaongeza kidogo kwenye oili mpya. Ringi ikazunguka kimya kabisa. Kovu: milimita moja na nusu!

"Weee!" nikapiga kelele. "Hii ndiyo!"

"Ngoja," wifi akasema. Akatoka, akarudi na shampuu ya nywele. "Jaribu na hii."

"Acha utani."

"Wewe si mpimaji? Pima."

Nikasafisha kikopo, nikatia shampuu. Haki ya Mungu, milimita mbili. Shampuu ya nywele, yenye harufu ya mapera, iliishinda oili ya injini mara mbili. Wifi alicheka mpaka akauegemea vibaya mlango wa ofisi, ukafunguka, akaangusha mafaili ya tajiri. Mimi sikucheka. Nilibaki nimeishika ile roli nikiigeuzageuza. Hakuna mtu angetia shampuu kwenye injini. Kwa hiyo ama dunia nzima ina wazimu, ama kimashine changu kinajibu swali ambalo sijaliuliza.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Nikatia roli zote kwenye kiberiti kitupu, kila moja nimeizungushia karatasi yenye jina lake, nikaenda kwa Mkemia.

Mkemia ni dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha kuchanganya oili, wakamwondoa kwa sababu ya maswali mengi, sasa ana duka lake la oili karibu na kituo cha mafuta. Anaongea mbiombio na anacheka vichekesho vyake kabla hajavimaliza. Nilipomfungulia kiberiti, alivaa miwani, akachukua roli ya shampuu kwanza.

"Hii uliipima lini?"

"Jana."

"Tazama." Kovu lilikuwa limeota kutu. Na roli ya chupa ya simba ilikuwa na madoa ya kahawia pembeni. "Hizi zinang'ang'ania chuma kwa nguvu dakika kumi, muuzaji anapiga makofi, mteja anatoa pochi. Kesho zinakitafuna. Kimashine chako hakidanganyi, dada, ila kinajua dakika kumi tu. Injini inaishi miaka."

"Sawa. Na hizi mbili mbona zimelingana?"

"Oili ilikuwa ya moto au ya baridi?"

"Baridi. Kama ilivyotoka kwenye kopo."

Akacheka, akavuta kiti. Nitakavyoeleza ndivyo alivyonieleza, ila yeye alitumia dakika mbili.

Oili, alisema, ni mafuta pamoja na dawa zilizotiwa ndani yake. Kwenye krankshafti, chuma hakigusi chuma. Mhimili unaelea juu ya oili, mzima mzima, kwa hiyo oili yoyote safi inatosha. Ndiyo maana krankshafti yangu ilikuwa nzima. Lakini nundu na tapeti vinakutana kwa mstari mwembamba, mzigo wote uko hapo, na oili inakamuliwa inatoka. Hapo chuma kinagusa chuma. Kinachookoa ni dawa, zinki na fosforasi. Dawa hiyo ikipata joto na ikasuguliwa, inajenga utando juu ya chuma, mwembamba mno. Utando ndio unaolika badala ya nundu, kisha unajijenga tena, unalika tena.

"Mwembamba kiasi gani?"

"Hiyo maikromita yako haiuoni."

Nilikasirika kidogo kwa niaba ya maikromita. "Kwa hiyo dawa inangoja isuguliwe ndipo ifanye kazi?"

"Ndiyo. Bila joto na msuguano imelala tu. Wewe uliipima ikiwa usingizini."

"Na oili mpya haina hiyo dawa?"

"Inayo, lakini kidogo. Fosforasi ikitoka na moshi inaharibu kichujio cha moshi cha magari ya kisasa, ndiyo maana wameipunguza. Na magari mengi mapya tapeti zake zina vigurudumu, zinabingirika, hazihitaji nyingi. Badala yake wakaongeza dawa nyingine, ya kufanya vyuma viteleze ili gari lile petroli kidogo."

"Ala! Kwa hiyo oili mpya inateleza zaidi?"

"Zaidi."

"Na bado nundu zinalika zaidi?"

"Kuteleza na kutolika ni vitu viwili, dada. Watu wanavichanganya kila siku. Gari la mumeo halina kichujio, halina vigurudumu. Nundu zake zinasugua kavukavu kama za babu yake."

Nilirudi karakanani nusu natembea nusu nakimbia. Nikaweka jiko dogo la umeme chini ya kikopo, nikapasha oili mpaka ikawa na joto la injini iliyopanda mlima. Nikapima mara nne kila moja, kwa saa nzima badala ya dakika kumi, mpaka jioni ya kesho yake. Kopo la bluu: milimita nne na nusu, na kwenye kovu kulikuwa na rangi kama ya upinde wa mvua, ya bluu na kahawia. Huo ndio utando wenyewe! Nilitaka kumwita mtu aje aone. Oili mpya: milimita saba, kovu jeupe, limekwaruzika.

Niliruka. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, ndani ya ovaroli, niliruka peke yangu kando ya mashine. Nilikuwa nimemjua mwizi. Mume wangu hakuzembea, alibadilisha oili kila mara, tena ile ya bei ya juu. Kosa lake ni moja tu, alisikiliza ushauri wa mtu, maana huyu habadilishi hata dawa ya meno bila kuambiwa. Na mtu huyo, nikaapa njia nzima mpaka nyumbani, nitampata, nitamleta mbele ya kamati nimemshika sikio.

Nilimkuta mume wangu sebuleni na wifi, wanakunywa chai. Nikamwaga yote: utando, joto, zinki, milimita saba. Wifi aliposikia kwamba dawa inangoja msuguano ndipo ifanye kazi, akasema kama ndoa yenu. Sikumjali.

"Sasa nitajie," nikamwambia mume wangu. "Nani alikuambia uache kopo la bluu?"

"Mtu tu."

"Mtu gani? Wa dukani?"

"Mama Pacha, yameshapita."

"Hayajapita! Kuna mjinga mmoja huko nje anajifanya anajua injini, kawadanganya watu, na wewe unataka ukalinde geti kwa ajili yake? Ni rafiki yako? Unamwogopa? Mtu wa namna hiyo hafai hata kushika pampu ya baiskeli!"

Mume wangu aliweka kikombe mezani taratibu. Wifi alikuwa anakoroga chai ambayo alishaikoroga. Nikamtazama. Akatazama chai yake.

"Wewe unamjua?" nikamuuliza.

"Wifi," akasema polepole, "nilikuwepo. Hapahapa mezani. Ulikuwa umetoka kwenye ile semina yenu ya siku mbili, umepewa na kofia. Kaka akaja na kopo la bluu mkononi. Ukamwambia, bado unanunua hiyo? Ukasema herufi mpya inafuta herufi zote za zamani, oili mpya inafaa kila gari lililotangulia. Ukamwambia anaona aibu gani kulipatia gari lake kitu kizuri. Halafu kopo ukalitupa."

Nilitaka kubisha. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikakumbuka kofia, nikaikumbuka na semina, na yule mtu aliyekuwa mbele akionyesha herufi zinavyopanda ngazi, na mimi nikiandika haraka haraka nisipitwe. Nikavuta kiti. Nikakaa.

"Ulijua," nikamwambia mume wangu. "Tangu barua imefika ulijua."

"Nilidhani. Injini ilianza kukohoa miezi kadhaa baada ya oili ile. Sikuwa na uhakika."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Mke wangu fundi kaniambia, nikafanya, injini ikafa? Wewe jina lako ndilo kazi yako. Nani ataleta injini kwa fundi aliyeua gari la maktaba? Mimi imebaki miaka mitatu nistaafu. Wewe bado." Akainua kikombe tena. "Ndiyo maana nilikuomba usiifungue."

Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Nikamwambia nitaenda kusema. Akasema nisithubutu. Tukabishana mpaka wifi akaaga bila kumaliza chai, na hatukufikia popote.

Siku ya kamati niliitwa kama fundi aliyefungua injini. Chumba kilikuwa kidogo, meza imejaa vitabu vinavyongoja kushonwa. Mkutubi Mkuu, mama mmoja mkimya mwenye miwani ya mnyororo, alikaa katikati. Afisa usafiri kulia kwake. Tajiri wetu naye alikuwepo, kwa sababu karakana ndiyo iliyokuwa na kazi ya gari lile, na alikuwa ananitazama kama mtu anayejua kuna utafiti mwingine unakuja. Nilikuwa nimekumbatia kemshafti iliyofungwa kwenye gazeti.

Mkutubi Mkuu akamwambia mume wangu aanze. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, sina maneno mengi. Barua inasema kweli. Nilizembea. Sikubadilisha oili. Naomba msamaha."

"Muongo!"

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. Afisa aliangusha kalamu.

"Mama, subiri zamu yako," akasema.

"Sisubiri! Huyu mtu anawadanganya. Miaka kumi na tisa hajawadanganya, leo ndiyo mara ya kwanza, na mnataka kumwamini leo?" Nikafungua gazeti, nikaweka kemshafti juu ya meza yao, katikati ya vitabu. "Injini ya mtu asiyebadilisha oili inakuwa nyeusi ndani. Hii ilikuwa safi. Vipimo vya krankshafti hivi hapa, soma mwenyewe. Zimelika nundu peke yake. Asiyebadilisha oili hawezi kuua nundu akaacha mengine. Hilo haliwezekani."

"Mama Pacha, kaa chini," mume wangu akanong'ona.

"Sikai." Nikawaeleza utando. Niliwapa zile roli na lenzi, Mkutubi Mkuu akaziangalia moja baada ya nyingine, akairudia ile yenye rangi za upinde wa mvua na kuishikilia dirishani muda mrefu. Niliwaambia pia kwamba kimashine changu si injini, kwamba kinaweza kukosea, lakini kinasema kitu kilekile ambacho nundu zinasema.

"Kwa hiyo alitumia oili isiyofaa," afisa akasema. "Bado ni kosa lake."

"Alishauriwa."

"Na nani?"

Tajiri alikuwa pale. Watu wawili ambao nimewachongea injini zao walikuwa wanachungulia mlangoni. Nilitamani mtu akohoe, simu ilie, paa liporomoke. Mume wangu alinishika kiwiko, akakibana.

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilienda semina siku mbili nikarudi najua kila kitu. Yeye aliniamini kwa sababu mimi ni fundi na yeye ni dereva, na dereva akimsikiliza fundi hajazembea. Kama mna barua nyingine, jina la kuandika ni langu."

Tajiri aliinamia viatu vyake. Mkutubi Mkuu akaiweka roli mezani, akaivua miwani, akamtazama mume wangu, hakunitazama mimi.

"Ulikuwa tayari kwenda getini?"

"Ndiyo, mama."

Akaichukua ile barua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kitabu kilichokuwa karibu naye kama alama ya ukurasa. "Injini itengenezwe," akasema. "Dereva ni yuleyule."

Sitasema ilikuwa rahisi baada ya hapo. Tajiri alininunia wiki mbili. Habari zilizagaa haraka, na fundi mmoja wa mtaa wa pili akawa anawauliza wateja wangu kama wana shampuu. Kuna mteja aliyehamisha injini yake kabisa, na nilimwelewa. Kemshafti mpya niliichonga baada ya saa za kazi, nundu nane, kila moja nikaipima mara tano, kisha nikamwomba mtu mwingine aipime.

Siku ya kuiwasha tulikuwa watu wengi kuliko bolti za injini. Mkemia alikuja na makopo mawili, akaeleza kwamba kemshafti mpya haitakiwi kuunguruma polepole mwanzoni, iende mbio dakika ishirini ili utando ujijenge. Makopo yalikuwa tofauti kidogo, na wao kina tajiri, afisa na Mkemia wakaanza kubishana lipi liingie. Kila mmoja alikuwa na maoni, na sauti zikapanda.

Mume wangu alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha injini. Akasubiri wamalize, hawakumaliza. Akaniangalia mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma kabisa karibu na ukuta, kwa sababu tangu siku ya kamati sikuwa nimemshauri mtu hata aina ya sabuni.

"Mama Pacha," akaita, mbele ya wote, kwa sauti ileile ya siku zote. "Tuweke ipi?"

Nikapita katikati yao, nikachukua makopo yote mawili, nikayageuza nyuma kwenye yale maandishi madogo.

"Sijui," nikasema. "Nipe dakika tano nisome."

Akakaa juu ya ndoo, funeli mkononi, akasubiri.